Barua ya wazi kwa Bodi ya Hospitali: "Alisaini" si jibu

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Hospitali,
Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Nakala kwa Baraza linalosajili na kusimamia madaktari.

Waheshimiwa,

YAH: UPASUAJI ULIOFANYWA NJE YA RIDHAA YA MGONJWA, NA MAJIBU YENU KUHUSU MALALAMIKO HAYO

Nawaandikia kwa heshima, na ninaandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimekwisha. Malalamiko haya yalianzia kwa daktari mkuu wa wodi, yakaenda dawati la malalamiko, kisha yakafika ofisi ya Mkurugenzi kwa barua iliyopokelewa na kugongwa muhuri. Jibu tulilopata ni aya moja: mgonjwa alisaini fomu ya ridhaa, upasuaji ulifanyika salama, na suala limefungwa. Sikuitaja hospitali kwa jina wala daktari kwa jina, kwa kuwa nia yangu si kumchafua mtu. Ninyi mnajijua, na barua yetu ya kwanza ipo kwenye majalada yenu.

Mgonjwa ni mdogo wangu, mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu. Barua hii ameisoma yote kabla haijatoka, amefuta sentensi ambazo hakutaka zisomwe na watu wasiomhusu, na zilizobaki ameziruhusu.

Alilazwa ili aondolewe uvimbe wa fibroidi. Kliniki alimweleza daktari kwamba anataka uvimbe utolewe na mfuko wa uzazi ubaki, na jioni ya kulazwa akalirudia neno hilo kwa muuguzi aliyemwandikisha. Asubuhi ya upasuaji aliletewa fomu akiwa amekwisha kuvaa gauni la thieta na sindano ya dripu iko mkononi, akaonyeshwa mahali pa kusaini. Jina la upasuaji lilikuwa limeandikwa kwa kalamu, na chini yake palikuwa na maneno ya chapa yanayoruhusu pia "utaratibu mwingine wowote utakaoonekana kuwa wa lazima". Alipokuwa amelala kwa dawa ya usingizi, mume wake aliitwa mlangoni mwa thieta, akaambiwa kwamba uvimbe ni mwingi na kwamba ni afadhali mfuko wote utolewe ili usije ukaota tena, akapewa karatasi nyingine asaini. Mdogo wangu alizinduka akiwa hana mfuko wa uzazi. Hakuna daktari aliyekuja kumwambia. Alilisikia kwa muuguzi wa zamu aliyekuwa akibadilisha bandeji, ambaye naye alidhani mgonjwa anajua.

Nataka jambo moja lieleweke mapema ili tusipotezeane muda. Sisemi kwamba daktari hakuwa na ustadi. Inawezekana kabisa kwamba kitabibu aliona sawasawa, na kwamba daktari mwingine bingwa angependekeza vilevile. Swali letu tangu mwanzo limekuwa nani mwenye mamlaka ya kuamua, na kila mara tulipouliza hilo tumejibiwa kuhusu ubora wa kazi. Hoja zetu ni hizi.

1. Kuhusu saini kuchukuliwa kuwa ndiyo ridhaa yenyewe.

Fomu ni ushahidi kwamba mazungumzo yamefanyika. Pasipo mazungumzo, hakuna kinachoshuhudiwa. Ridhaa ina masharti yanayojulikana kwa kila mwanafunzi wa udaktari: mgonjwa awe na uwezo wa kuamua, aelezwe mambo anayohitaji ili aamue, aelewe alichoelezwa, na aamue kwa hiari bila kusukumwa. Karatasi inayoletwa dakika chache kabla ya kitanda kusukumwa kuelekea thieta haiwezi kutimiza hata sharti moja kati ya hayo, kwa maana hata mtu mwenye maswali hujiona msumbufu akiyauliza wakati watu wote wanamsubiri yeye.

Mahakama zimekwisha kulipima hili. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya V.C. dhidi ya Slovakia, ya mwanamke wa jamii ya Waroma, kabila la watu wachache barani Ulaya, aliyefungwa uzazi mwaka 2000 wakati wa kujifungua kwa upasuaji. Saini yake ilikuwapo kwenye kumbukumbu za hospitali. Aliiweka akiwa katika uchungu wa kuzaa, baada ya kuambiwa mambo ambayo hakuwa na nafasi ya kuyatafakari. Mahakama haikuikubali saini hiyo kuwa ridhaa, na ikaona kwamba alitendewa kwa namna inayodhalilisha utu wake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2014, Mahakama ya Juu ya Namibia ilifikia msimamo wa namna hiyohiyo katika kesi ya wanawake watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliofungwa uzazi. Nao fomu walisaini, nao walikuwa katika uchungu wa kuzaa, na Serikali ilishindwa kuthibitisha kwamba waliridhia kwa kuelewa.

Najua mtasema kwamba mdogo wangu hakuwa katika uchungu wa kuzaa. Ni kweli. Lakini alikuwa amefunga tangu usiku, amevuliwa nguo zake, amechomwa sindano, na hakuwa amepewa fomu hiyo siku yoyote kati ya zile za kuhudhuria kliniki, ambako angeweza kuisoma akiwa amekaa kwenye kiti na akili yake imetulia. Kwa nini fomu inayojulikana wiki nyingi kabla kwamba itahitajika inaletwa saa ile ya mwisho? Swali hili tuliliuliza kwa maandishi, na hadi leo halijajibiwa.

2. Kuhusu mambo ambayo hakuelezwa.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, nami naomba wajumbe wa Bodi waisome polepole.

Fibroidi ni uvimbe usio wa saratani, na kwa wanawake wengi kuna njia zaidi ya moja ya kuushughulikia. Kuna kuutoa uvimbe wenyewe na kuacha mfuko wa uzazi. Kuna dawa za homoni zinazopunguza damu au kuusinyaza uvimbe kwa muda. Kuna kuziba mishipa ya damu inayoulisha. Kuna kusubiri na kuangalia, kwa kuwa mara nyingi uvimbe hupungua hedhi inapokoma. Na kuna kuutoa mfuko wote, njia ambayo huondoa kabisa uwezekano wa uvimbe kurudi na pia huondoa kabisa uwezekano wa kubeba mimba. Kila njia ina faida na hasara zake, na hasara hizo hazina uzito uleule kwa kila mwanamke. Mmoja amechoshwa na damu na hataki tena mtoto. Mwingine bado anasubiri wa kwanza. Daktari hawezi kulijua hilo kwa kutazama picha ya utrasaundi. Lazima aulize.

Zaidi ya hayo, anayetolewa uvimbe na kuachiwa mfuko wa uzazi anaweza kuvuja damu kwa wingi, na mara chache damu hiyo huwa haizuiliki mpaka mfuko utolewe ili kuokoa maisha. Kila daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake anajua hatari hii. Basi ilipaswa ielezwe kliniki, kwa maneno mepesi: tutajitahidi kuuacha mfuko, lakini ikitokea hivi au vile tutalazimika kuutoa, je, unakubali? Na kama sababu si damu bali ni wingi wa uvimbe, je, tufunge tukuamshe kwanza tuzungumze, au tuendelee? Mdogo wangu angekuwa na jibu. Hakuulizwa.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Montgomery dhidi ya Bodi ya Afya ya Lanarkshire. Mama mjamzito mwenye kisukari, mwenye umbo dogo, hakuelezwa kwamba kwa wajawazito wenye kisukari kuna uwezekano wa asilimia 9 hadi 10 wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa. Daktari alinyamaza kwa kuona kwamba akina mama wakiambiwa hivyo wangechagua kujifungua kwa upasuaji. Mabega yalikwama, na mtoto, aliyezaliwa mwaka 1999, akapata ulemavu mkubwa. Mahakama ilikataa kipimo cha zamani, cha kuuliza madaktari wengine wangesema nini, ikaweka kipimo kinachomtazama mgonjwa: je, mtu mwenye busara aliye katika hali ya mgonjwa huyu angeiona hatari hii kuwa na uzito? Au je, daktari alijua, au alipaswa kujua, kwamba mgonjwa huyu hasa angeiona hivyo? Hukumu hiyohiyo ilisema kwamba wajibu wa daktari hautimizwi kwa kummiminia mgonjwa maneno ya kitaalamu asiyoweza kuyaelewa, sembuse kwa kumdai saini kama desturi.

Australia ilikuwa imefika huko mapema. Katika kesi ya Rogers dhidi ya Whitaker, mwaka 1992, mwanamke aliyekuwa karibu kipofu wa jicho moja alimwuliza daktari tena na tena kuhusu madhara ya upasuaji wa jicho hilo. Hakuambiwa kwamba kulikuwa na uwezekano wa mara 1 kati ya 14,000 wa jicho la pili, lililokuwa zima, nalo kudhurika. Likadhurika, akapoteza uwezo wa kuona. Hatari ya mara 1 kati ya 14,000 ni ndogo kwa hesabu za daktari, lakini kwa mtu mwenye jicho moja tu la kutegemea ni jambo kubwa mno, na mahakama ikaliona hivyo. Mwanamke aliyesema mara mbili, kwa watumishi wawili tofauti, kwamba anataka mfuko wake ubaki, alikuwa amewaeleza waziwazi ni lipi lililo kubwa kwake.

3. Kuhusu kufanya jambo ambalo mgonjwa hakulikubali.

Jibu lenu linasema maneno ya chapa kwenye fomu yalimpa daktari ruhusa ya kufanya lolote la lazima. Tunaomba mtueleze ulazima huo ulikuwa upi. Mliyoyaandika ninyi wenyewe ni kwamba uvimbe ulikuwa mwingi na ungeweza kurudi. Hakuna mahali mlipotaja damu isiyozuilika, wala presha iliyoshuka, wala hatari yoyote kwa maisha yake pale mezani.

Tofauti kati ya lililo la lazima na lililo rahisi imechorwa zamani, na Kanada kuna kesi mbili zinazofaa kusomwa pamoja. Katika ya kwanza, Marshall dhidi ya Curry ya mwaka 1933, daktari aliyekuwa akitibu ngiri alikuta korodani moja imeharibika kiasi cha kuhatarisha afya na hata maisha ya mgonjwa, akaitoa. Mahakama ilimwondolea lawama, kwa kuwa hakuwa ametarajia kuikuta hali hiyo na kungoja kungekuwa hatari. Katika ya pili, Murray dhidi ya McMurchy ya mwaka 1949, daktari aliyekuwa akimzalisha mama kwa upasuaji aliona fibroidi kwenye mfuko wa uzazi, akaona mimba nyingine itakuwa ya hatari, akamfunga mirija papo hapo. Mahakama ilimwona ana hatia ya kumwingilia mgonjwa mwili wake, kwa sababu hatari hiyo ilikuwa ya baadaye na hapakuwa na kilichozuia kusubiri mama azinduke aulizwe. Naomba mwanasheria wenu azisome zote mbili, kisha aiambie Bodi kesi yetu inafanana na ipi.

Na hata ustadi hauponyi kasoro hiyo. Mahakama ya Minnesota, Marekani, ililisema hilo mwaka 1905 katika kesi ya Mohr dhidi ya Williams, ambapo mgonjwa alikubali apasuliwe sikio la kulia, daktari akaona la kushoto ndilo bovu zaidi, akalipasua hilo. Kazi ilifanywa vizuri. Bado haikuwa imeruhusiwa.

4. Kuhusu saini ya mume.

Shemeji yangu si wa kulaumiwa hapa. Mtu aliyeitwa mlangoni mwa thieta, akaambiwa na daktari aliyevaa barakoa kwamba jambo hili ni afadhali, atasaini. Wa kulaumiwa ni utaratibu unaomwendea mume wakati mwenye mwili amelala kwa saa chache tu na ataamka.

Ndugu anaweza kuamua kwa niaba ya mgonjwa pale sheria inapompa nafasi hiyo, yaani pale mgonjwa mwenyewe hawezi na hali haingoji. Mtu mzima aliyelazwa usingizi kwa ajili ya upasuaji aliouridhia hajapoteza haki yake ya kuamua; imesimama kwa muda. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya India iliamua kesi ya Samira Kohli dhidi ya Dakta Prabha Manchanda, inayokaribiana sana na yetu. Mgonjwa alikubali uchunguzi kwa kamera tumboni. Alipokuwa amelala, daktari alimwendea mama yake mzazi, akapata kauli yake, akautoa mfuko wa uzazi pamoja na ovari. Mahakama ilisema ridhaa ya uchunguzi si ridhaa ya matibabu, kwamba kauli ya mama haikuwa na nguvu kwa kuwa mgonjwa ni mtu mzima na hapakuwa na dharura, na kwamba kudai jambo lilifanywa kwa faida ya mgonjwa si utetezi.

Nauliza kando kidogo: hospitali yenu imewahi kumwita mke mlangoni mwa thieta asaini mume wake atolewe kiungo cha uzazi wakati amelala? Kama haijawahi, basi tatizo letu limepita mipaka ya fomu.

5. Kuhusu lugha ya fomu.

Fomu iliandikwa kwa lugha ya kitaalamu ambayo hata mimi niliyesoma niliirudia mara kadhaa. Afrika Kusini, kwa mfano, Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2003 inamtaka mtoa huduma, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Sidhani kama hili linahitaji maneno mengi.

6. Kuhusu faili.

Tuliomba nakala ya kumbukumbu za upasuaji na ya karatasi zote mbili zilizosainiwa. Tukaambiwa faili ni mali ya hospitali. Karatasi, kweli, ni mali yenu. Taarifa zilizomo ni za mgonjwa. Mahakama ya Juu ya Kanada ilizitenganisha hizi mbili mwaka 1992 katika kesi ya McInerney dhidi ya MacDonald, ikasema mgonjwa ana haki ya kuona na kupata nakala ya taarifa zake isipokuwa kwa sababu nzito ambazo daktari ndiye wa kuzithibitisha. Chama cha Madaktari Duniani nacho, katika Azimio la Lisbon la mwaka 1981 kuhusu haki za mgonjwa, kama lilivyorekebishwa mwaka 1995, kinatambua haki ya mtu kupata taarifa zake zilizorekodiwa. Hili ni tamko la madaktari wenyewe, halikutungwa na wanasheria wenye njaa ya kesi. Kadiri mnavyoendelea kutunyima faili ndivyo mnavyotulazimisha kukisia kilichomo, na hilo haliisaidii hospitali.

Waheshimiwa, naijua mizigo mliyobeba, kwa hiyo nitayatangulia majibu ambayo nimekwisha kuyasikia, au ambayo naona yanakuja.

Mtasema wagonjwa ni wengi na madaktari ni wachache. Ni kweli, na sitamlaumu daktari aliyesimama tangu alfajiri kwa uchovu wake. Lakini mdogo wangu alihudhuria kliniki zaidi ya mara moja kabla ya kulazwa, na kila mara alikaa kwenye benchi muda mrefu. Karatasi ya maelezo ingeweza kusomwa kwenye benchi hilo, na muuguzi aliyefunzwa angeweza kujibu maswali ya awali, ili daktari abaki na yale ambayo ni yeye tu anayeweza kuyajibu. Na uhaba wa muda hauelezi kabisa kwa nini mfuko ulitolewa: ulipatikana muda wa kumwita mume, kumweleza na kumsainisha, akiwa mgonjwa yuko mezani tumbo wazi.

Mtasema mgonjwa akielezwa hatari zote ataogopa akimbie matibabu. Wapo watakaoogopa. Sheria inaacha upenyo mwembamba kwa mgonjwa ambaye kweli ataumizwa na kuelezwa, lakini upenyo huo haukuwekwa ili daktari amkwepeshe mgonjwa uamuzi asioupenda yeye. Na mgonjwa mwenye akili timamu anayeogopa akaondoka, ametumia haki yake. Ana haki ya kukataa hata matibabu yanayofaa, na ana haki ya kubadili mawazo baada ya kusaini.

Mtasema watu wa kawaida hawaelewi mambo ya kitabibu. Jaribuni kwanza. Mwombeni mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe atafanyiwa nini, kwa nini, na nini kinaweza kuharibika. Akishindwa, elezeni tena. Njia hii inafundishwa kwa watumishi wa afya na haihitaji mashine yoyote.

Mtasema, mwisho, kwamba hata angeulizwa angekubali. Hamjui hilo, wala mimi silijui. Katika kesi ya Chester dhidi ya Afshar, iliyoamuliwa mwaka 2004 na Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa wakati huo, mgonjwa wa mgongo hakuonywa juu ya hatari ya asilimia 1 hadi 2 ya kudhurika neva, na hatari hiyo ikatokea. Hakudai kwamba asingepasuliwa kamwe. Alisema tu kwamba asingepasuliwa siku ile, angetaka kwanza kupata ushauri mwingine. Kwa kura tatu dhidi ya mbili, majaji waliona hilo linatosha. Mdogo wangu naye alinyimwa siku ya kwenda kufikiri.

Katika kutafuta haya nilikutana na kesi ambayo imenikaa moyoni kuliko nyingine. Mwaka 1908, mwanamke aliyeitwa Mary Schloendorff alilazwa katika Hospitali ya New York na kukutwa na uvimbe wa fibroidi. Alikubali alazwe usingizi kwa etha ili achunguzwe, na kwa ushahidi wake alisema hataki kupasuliwa. Akapasuliwa, uvimbe ukatolewa. Baadaye mkono ukapata kidonda cha kuoza na baadhi ya vidole vikakatwa. Mwaka 1914 Jaji Benjamin Cardozo aliandika katika hukumu yake kwamba kila mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua nini kifanyike kwa mwili wake, na kwamba daktari anayempasua mgonjwa bila ridhaa amemshambulia. Maneno hayo yanafundishwa hadi leo. Lakini Schloendorff alishindwa kesi: aliishtaki hospitali, na hospitali ilikuwa ya hisani, hivyo mahakama ikaona haiwajibiki kwa kosa la madaktari wake. Haki ilitajwa kwa ufasaha, na mwenye kuidai akatoka mikono mitupu. Kinga ya namna hiyo kwa hospitali za hisani imeondolewa au kupunguzwa sana mahali pengi tangu wakati huo. Aya moja mliyotuandikia inajaribu kuirudisha kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunaomba yajibiwe moja moja kwa maandishi ndani ya siku 30.

Kwanza, mgonjwa apewe nakala kamili ya faili lake, ikiwa ni pamoja na maelezo ya upasuaji, kumbukumbu za daktari wa usingizi, majibu ya maabara ya kilichotolewa, na karatasi zote mbili zilizosainiwa.

Pili, daktari aliyefanya upasuaji akutane na mgonjwa ana kwa ana, akiwapo mtu ambaye mgonjwa amemchagua, amweleze alichokiona na kwa nini aliamua vile. Hakuna aliyewahi kumweleza. Hili tungelipenda kabla ya mengine yote.

Tatu, Bodi ikiri kwa maandishi kwamba mfuko wa uzazi ulitolewa nje ya ridhaa ya mgonjwa, na imwombe radhi yeye mwenyewe. Msimwandikie mume wake.

Nne, maneno yanayoruhusu "utaratibu mwingine wowote" yafutwe kwenye fomu. Badala yake pawe na nafasi ya kuandika hatua za ziada zilizojadiliwa na mgonjwa, na nafasi nyingine ya kuandika yale ambayo mgonjwa amesema hataki, hata kama daktari haafikiani naye.

Tano, kwa upasuaji uliopangwa, fomu na maelezo yake vitolewe kliniki, kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa, na asiyejua kusoma asomewe na mtu asiye ndugu yake. Mazungumzo ya ridhaa yafanywe na daktari atakayepasua au mwenzake anayeujua upasuaji huo, na saa yake iandikwe.

Sita, pasiwepo tena kumsainisha mume, mzazi au ndugu kwa niaba ya mtu mzima aliyelala kwa dawa ya usingizi, isipokuwa pale maisha yake yako hatarini, na hapo sababu iandikwe na madaktari wawili.

Siku hizo zikipita bila jibu, tutafungua malalamiko rasmi kwenye Baraza, na mwanasheria ataendelea na hatua za mahakama kabla muda wa kufungua madai haujaisha. Fidia hatujaitaja katika barua hii kwa makusudi. Itazungumzwa baada ya faili kusomwa.

Mdogo wangu yuko tayari kufika mbele ya Bodi siku yoyote mtakayopanga. Anaomba tu ajulishwe mapema kwa maandishi nani watakuwapo na nini kitajadiliwa, na asiletewe karatasi ya kusaini siku hiyo.

Wenu kwa heshima,

Kaka wa mgonjwa,
kwa ridhaa yake.